Nasoma historia, nataka kuomba shule ya udaktari Marekani: nianze na kozi zipi?

Shajara_Kongwe ameuliza:

Habari zenu wakuu. Namaliza mwaka wa kwanza chuoni hapa Marekani, fani yangu ni historia na sina mpango wa kuiacha. Nimeamua kuomba shule ya udaktari. Hadi sasa sijachukua kozi hata moja ya sayansi. Uandishi nimemaliza mihula miwili. Hesabu niliziacha sekondari, na logi zimeshanitoka kichwani.

Naomba kujua:

1. Kozi za lazima ni zipi hasa, na zifuatane vipi? Kila shule naona ina lake.
2. MCAT (mtihani wa kuingia shule ya udaktari) niipange wapi?
3. Kamati za udahili huwatazamaje watu wa fani kama yangu?
4. Niko tayari kusoma sayansi kwenye likizo ya Juni hadi Agosti ili niingie shule ya udaktari mara tu baada ya mwaka wa nne. Inawezekana?

Tafadhali mnipe mambo yenye hesabu. "Jitahidi tu" nimeshaambiwa sana.

---

Mnyororo_wa_Kaboni amejibu:

Mkuu, nianze na swali la tatu tulimalize, maana linatisha watu bure. Hakuna fani inayodaiwa. AAMC, jumuiya ya shule za udaktari za huko, hutoa kila mwaka jedwali la waombaji kwa fani zao, na watu wa masomo ya sanaa hawaachwi nyuma na wale wa baiolojia kwa kiwango cha kuingia. Shule ya Icahn ya Mount Sinai, New York, ilianza mwaka 1987 kuwachukua mapema wanafunzi wa masomo ya sanaa bila kuwadai MCAT, na mwaka 2013 mpango huo ukapanuliwa kwa fani zote na kuitwa FlexMed. Unaombwa ukiwa mwaka wa pili, kwa hiyo uangalie sasa. Ila jedwali la AAMC usilisome kama faraja: waliomo ni wale waliokwisha kuvuka kemia. Aliyekwama kwenye kemia hakuomba, kwa hiyo humo hayumo.

Sasa kozi. Zipo shule zilizofuta orodha na kubakiza maelezo ya umahiri tu, lakini ukiwa na hizi, nyingi zitakupokea: baiolojia mihula miwili, kemia ya jumla mihula miwili, kemia ya kaboni (organic chemistry) mihula miwili, fizikia mihula miwili, zote nne pamoja na maabara zake. Kisha biokemia muhula mmoja, takwimu muhula mmoja, na uandishi ambao umeshamaliza. Ongeza saikolojia ya utangulizi na sosholojia ya utangulizi. Shule chache huzidai, ila MCAT inazipima. Fizikia isiyotumia kalkulasi inakubalika karibu kote, usijitese.

Kalenda yote inashikiliwa na kemia. Kemia ya jumla 1 hufungua ya 2, ya 2 hufungua kemia ya kaboni 1, hiyo hufungua ya 2, ndipo biokemia. Mihula mitano mfululizo. Kuna vyuo vinavyoruhusu biokemia baada ya kemia ya kaboni 1 peke yake, hapo inakuwa minne; angalia kitabu cha kozi cha chuo chako leo, usisubiri. Angalia pia kama kemia ya jumla 1 hutolewa Agosti tu. Ikiwa ni hivyo, ukiikosa Agosti hii umepoteza mwaka mzima.

Pachika hapo kalenda ya maombi. Fomu ya AMCAS, mfumo wa AAMC wa kuomba shule nyingi kwa pamoja, hufunguliwa mapema Mei, kuiwasilisha kunaanza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na aliyekubaliwa huanza masomo Julai au Agosti ya mwaka unaofuata. Anayetaka kuunganisha moja kwa moja anaomba mwishoni mwa mwaka wa tatu. Wewe ukianza kemia Agosti ya mwaka wa pili, hadi Mei ya mwaka wa tatu una mihula minne, na mnyororo ni wa mitano. Tenga mwaka mmoja kati ya shahada na udaktari, na usiuonee haya. Waombaji wengi siku hizi wana mwaka huo au zaidi.

Ningepanga hivi. Mwaka wa pili: kemia ya jumla 1 peke yake kama sayansi, pamoja na takwimu, Januari kemia ya jumla 2 na saikolojia. Mwaka wa tatu: kemia ya kaboni na baiolojia, sambamba, mihula yote miwili. Mwaka wa nne: biokemia na fizikia 1, halafu fizikia 2 na sosholojia. MCAT mwishoni mwa Mei au Juni, fomu mwezi huohuo. Sayansi mbili zenye maabara kwa muhula zinatosha. Maabara huandikwa krediti moja tu, lakini inakula saa tatu hadi nne kwa wiki na ripoti juu yake.

---

Kizio_Kwanza amejibu:

Ratiba ya hapo juu ni nzuri. Niongeze kinachowaangusha watu wa historia kwenye kemia ya jumla, maana hakihusiani na akili.

Umezoea kusoma sura, kupigia mstari, kurudia, kisha kujenga hoja. Kwenye kemia njia hiyo inakupa hisia ya kuelewa bila uwezo wa kukokotoa. Ukiona mwalimu anakokotoa ubaoni unasema naam, nimeelewa. Wiki ya mtihani mkono unaganda. Geuza uwiano: kwa kila saa moja ya kusoma sura, saa mbili za maswali. Swali ulilokosa, soma ufumbuzi, ufunge, ulifanye upya kwenye karatasi tupu, na ulirudie tena baada ya siku mbili. Ukilipita mara ya tatu bila kuchungulia, lifute kwenye orodha.

Kabla ya Agosti fufua vitu vinne tu: vipeo, logi, kuhamisha herufi kwenye mlinganyo, na kubadilisha vizio. Hicho cha mwisho ndicho kinachoua. Andika kizio kando ya kila namba, katika kila hatua, uvikate juu na chini kama sehemu. Jibu likitoka na kizio cha ajabu, umekosea kupanga, hata kama namba inapendeza. Makosa mengi ya stoikiometria, yaani hesabu za kiasi cha vitu vinavyoingia na kutoka kwenye mwitikio, huanzia gramu zilizoachwa bila kugeuzwa kuwa moli.

Logi uzizoee bila kikokotoo, maana MCAT hairuhusu. Mfano: ukolezi wa ioni za hidrojeni ni 3 × 10⁻⁵. pH iko kati ya 4 na 5. Logi ya 3 ni karibu 0.48, kwa hiyo 5 toa 0.48, unapata kama 4.5. Inatosha kuchagua jibu.

Kemia ya kaboni ina maradhi yake: watu wanakariri miitikio 200 kama orodha ya wafalme. Mshale hutoka kwenye elektroni kwenda kwenye atomu yenye upungufu wa elektroni, daima. Ukichora kila mwitikio kwa mishale hiyo, kwa mkono, 200 hupungua na kuwa mifumo michache inayojirudia. Aliyekariri hukwama mwalimu anapobadilisha kundi moja tu kwenye molekuli.

Kuhusu alama, fanya hesabu hii kabla ya kuogopa au kurudia kozi. AMCAS hukokotoa wastani wa pekee wa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati. Takwimu inaingia humo. Saikolojia na sosholojia haziingii. Tuseme una kozi 10 za krediti 4 kila moja: A tisa na C moja (A ni pointi 4, C ni 2). (9 × 4 + 2) ÷ 10 = 3.8. Ukiirudia ile C ukapata A, ya zamani haifutwi, zote mbili zinahesabiwa: 42 ÷ 11 = 3.82. Muhula mzima kwa 0.02. Afadhali uchukue fiziolojia: A yake inakupa 3.82 ileile, na maarifa mapya ya MCAT juu. Kurudia kuna maana ukipata C− au chini, kwa sababu shule nyingi haziitambui alama hiyo kama kozi iliyotimizwa.

---

Bikari amejibu:

Swali la nne halijajibiwa sawasawa. Inawezekana kuingia mara tu baada ya mwaka wa nne, njia ipo. Unasoma kemia ya jumla 1 na 2 kwenye likizo hii hii, mwaka wa pili kemia ya kaboni na baiolojia, mwaka wa tatu biokemia na fizikia, MCAT mwezi wa Mei. Hesabu inakubali.

Tatizo ni kwamba muhula wa wiki 15 unabanwa kuwa wiki tano au sita. Sura tatu kwa wiki, maabara karibu kila siku, mtihani kila Ijumaa. Ukiugua siku tatu umepoteza sura nzima, na mnyororo wote uliobaki umejengwa juu ya sura hiyo. Kwa mtu aliyesahau logi, sishauri. Fizikia ya likizo baada ya mwaka wa pili, sawa: haifungui kozi nyingine, hata ukitoka na B haibomoi kitu kingine. Kemia ya kaboni ya likizo, hapana.

Ukienda kusoma likizo kwenye chuo kingine, chuo chako kinaweza kukubali krediti bila kuhesabu alama. AMCAS inahesabu zote. Nakala ya matokeo inatakiwa kutoka kila chuo ulichosajiliwa baada ya sekondari, hata kama ulisoma kozi moja ukaiacha njiani. Kuficha nakala moja ni kosa la kukufukuzisha kwenye mchakato.

Kuna na njia ya tatu ambayo watu wa sanaa husahau: maliza historia yako bila sayansi yoyote, kisha ingia programu ya baada ya shahada ya wanaobadili fani. Bryn Mawr, Goucher na Scripps wanajulikana kwa hilo. Kozi zote za lazima zinabanwa katika mwaka mmoja na kidogo, pamoja na wenzako walio kama wewe, na baadhi zina makubaliano na shule za udaktari yanayokuwezesha kuingia bila kukaa mwaka wa kusubiri. Ni ghali. Na zinataka mtu ambaye hajachukua kozi hizo: ukishafanya kemia ya jumla, ya kaboni na baiolojia, wengi watakuambia huwahitaji. Kwa hiyo uamuzi huo unafanywa sasa, hauwezi kungoja mwaka wa tatu.

---

Mnyororo_wa_Kaboni amejibu:

Bikari, kwa fizikia nakubali. Kwa kemia ya jumla ya likizo kama sayansi yake ya kwanza kabisa, hata usiitaje kama njia, atajaribu.

---

Saa_Saba_na_Nusu amejibu:

Niseme la MCAT tu.

Sehemu nne. Kemia na fizikia ya viumbe, maswali 59 dakika 95. Usomaji wa kina, unaoitwa CARS, maswali 53 dakika 90. Baiolojia na biokemia, 59 kwa 95. Saikolojia na sosholojia, 59 kwa 95. Jumla maswali 230. Ukihesabu mapumziko unakaa karibu saa saba na nusu. Kila sehemu ina alama 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528, katikati ni 500. Jedwali la elementi unapewa, karatasi ya kanuni hupewi.

Angalia uzito. Sehemu ya baiolojia: karibu asilimia 65 baiolojia ya utangulizi, 25 biokemia. Sehemu ya kemia: 30 kemia ya jumla, 25 fizikia, 25 biokemia, 15 kemia ya kaboni, 5 baiolojia. Biokemia ya muhula mmoja inabeba robo ya sehemu mbili, ilhali kemia ya kaboni ya mihula miwili inabeba kidogo. Ndiyo maana anayefanya mtihani kabla ya biokemia anajikata mguu. Asidi 20 za amino uzijue kwa jina, umbo, vifupisho vya herufi tatu na herufi moja, na chaji yake kwenye pH 7. Hizo ni alama za bure.

CARS. Watu wa historia huja wakidhani ni yao, na wengi hushangaa. Vifungu tisa, dakika kumi kila kimoja pamoja na maswali yake. Kosa la msomi wa historia ni kubishana na mwandishi. Unakuta kifungu kuhusu mapinduzi fulani, unakijua kipindi hicho, unachagua jibu ambalo ni kweli kihistoria lakini kifungu hakijalisema. Umekosa. Jibu sahihi ni lile ambalo unaweza kuwekea kidole kwenye mstari. Jizoeze kila siku vifungu viwili au vitatu ukijipimia muda, kwa miezi mitatu. Hii haipandi kwa kukesha wiki moja. Kila swali ulilokosa, andika kwa sentensi moja kwa nini jibu lako lilikuvutia. Baada ya makosa 40 utaona ni aina mbili tatu zilezile.

Muda: tenga saa 300 na zaidi. Wiki 12 kwa saa 25 zinakupa 300. Wiki nne au tano za kujaza mapengo ya maarifa, zilizobaki ni maswali. Mitihani kamili ya AAMC usiimalize mapema. Ifanye wiki tano au sita za mwisho, mmoja kwa wiki, saa ileile utakayoanza siku yenyewe, simu ikiwa chumba kingine. Kuupitia mtihani mmoja kunachukua muda sawa na kuufanya. Anayefanya mitihani minane bila kuipitia anapima homa mara nane bila kunywa dawa.

Matokeo hutoka baada ya siku 30 hadi 35. Unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka, mara nne ndani ya miaka miwili mfululizo, mara saba maisha yote, na kujiandikisha halafu usitokee kunahesabiwa kama mara moja. Shule nyingi hazipokei matokeo yaliyozidi miaka mitatu, nyingine miwili. Kama alama za majaribio matatu ya mwisho ziko chini ya lengo lako kwa pointi nyingi, ahirisha. Siku ya mtihani haileti muujiza.

---

Shajara_Kongwe amejibu:

Asanteni sana, nimeshafungua kitabu cha kozi: kemia ya jumla 1 kwetu ni Agosti tu, kama mlivyosema. Na biokemia wanaidai baada ya kemia ya kaboni 2. Kwa hiyo ni mitano. Nimekubali mwaka wa kati.

Mawili yamebaki. Niko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hilo lina uzito gani? Na takwimu naweza kuichukua kwa mfumo wa kufaulu au kufeli, bila alama?

---

Hodi_Wodini amejibu:

Viza ndiyo ingekuwa sentensi ya kwanza ya swali lako, ndugu. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei kabisa asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Mwenye grini kadi anahesabiwa pamoja na raia. Mwenye F-1, hapana. Zinazopokea zipo, nyingi ni za binafsi, na baadhi hudai uonyeshe au uweke kando fedha ya ada, ya mwaka mmoja au hata ya miaka yote minne, kabla ya kuanza. Mikopo ya serikali ya shirikisho huipati. Fungua MSAR, hifadhidata ya AAMC ya masharti ya shule, uchuje zinazopokea wanafunzi wa kimataifa, kisha ingia tovuti ya kila moja kuhakikisha, maana sera hubadilika mwaka hadi mwaka. Orodha itakayobaki ndiyo iamue kozi zako, hasa kama wanakubali kemia ya kaboni muhula mmoja pamoja na biokemia. Shule za umma za Texas ziweke mwisho: sheria ya jimbo inawabakizia wakaazi wake nafasi 9 kati ya 10.

Jambo jema ni kwamba unasoma Marekani. Aliyesoma nje angeambiwa arudie mwaka mmoja au miwili, na AMCAS haikokotoi alama za vyuo vya nje.

Takwimu: chukua kwa alama. Kozi ya lazima isiyo na alama shule nyingi haziihesabu, na wewe ambaye sayansi ni chache unahitaji kila A inayoingia kwenye ule wastani alioueleza Kizio_Kwanza.

Mengine ambayo hayajatajwa. Barua: shule nyingi hutaka mbili kutoka kwa walimu wa sayansi waliokufundisha darasani na moja ya mwalimu asiye wa sayansi. Ya historia utaipata kirahisi, darasa lina watu 15. Ya kemia ni darasa la watu 300, mwalimu hakujui jina. Nenda ofisini kwake kuanzia wiki ya pili, kila wiki, na swali moja ulilojaribu ukakwama, ukiwa na karatasi ya majaribio yako mkononi. Mwombe barua muhula unapoisha, usingoje miaka miwili.

Wodini: saa za kumfuata daktari kazini ni za kuangalia tu, 40 hadi 50 kwa madaktari wa aina mbili tatu zinatosha. Zinazopimwa zaidi ni zile unazogusana na wagonjwa, mfano kujitolea kwenye uangalizi wa wanaokaribia kufa, au ukarani wa daktari, yaani kumwandikia kumbukumbu anapoona wagonjwa. Kwa F-1, kazi ya malipo nje ya chuo ina masharti, muulize afisa wa wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini kitu. Kujitolea pia, muulize. Saa tatu kila wiki kwa miaka miwili zina uzito kuliko saa 200 za kiangazi kimoja.

Insha ya AMCAS ina nafasi ya herufi 5,300, nafasi tupu zikiwemo. Shughuli ni hadi 15, kila moja herufi 700, na tatu kati yake unapewa 1,325 za nyongeza. Usitumie hata aya moja kuomba radhi kwa kusoma historia, wala usiandike kwamba historia imekufundisha "kuwaelewa binadamu". Kila mtu wa sanaa anaandika hivyo. Kama tasnifu yako itahusu, tuseme, karantini za bandarini, eleza ulisoma nyaraka gani na zilikufanya uulize nini ulipokaa na mgonjwa. Na mada ya tasnifu unaichagua mwaka wa tatu, bado una muda wa kuielekeza huko.

---

Shajara_Kongwe amejibu:

Nimechuja MSAR usiku huu. Kati ya zilizobaki kuna zinazosema maabara za mtandaoni hazikubaliki. Chuo changu kinatoa fizikia ya likizo na maabara ya nyumbani, ya sanduku la vifaa unalotumiwa. Ndiyo hiyo hiyo ya mtandaoni?

---

Bikari amejibu:

Ndiyo hiyo. Nakala ya matokeo haitaonyesha kila mara, lakini fomu za pili, zile ambazo shule yenyewe hukutumia baada ya AMCAS, kwa shule nyingine huuliza waziwazi. Ichukue fizikia mwaka wa nne, ukiwa maabara kwa miguu yako, kama alivyopanga Mnyororo.